Shangazi Nijibu: Twazibua Mtaro Jumamosi, Jumatano Ushaziba

Salamu aleikum wasomaji wangu, wa visiwani na wa bara, habari za siku. Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana wanaojitolea mitaani kwao hapa Mombasa na karibu zote zalalamikia jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba twafanya kazi na haionekani. Nimechagua sita. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake imenigusa, zingine ntaenda nazo kulingana na uzito wake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi ni grupu ya vijana wa Mlaleo, Kisauni. Tangu Januari kila Jumamosi asubuhi twazibua mtaro wa mtaani kwetu, twatoa pampas, chupa, matambara, mpaka paka waliokufa. Ikifika Jumatano ushaziba tena, na hao hao tunaowafanyia ndo watupao. Juzi mzee mmoja akapita akatwambia nyinyi ni vibarua wa bure wa kaunti. Tulikua 17 sasa tumebaki 9. Tuendelee ama tuache? – Kijana wa Mlaleo

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na kazi, ile harufu naijua, yakuganda mpaka kwa nywele.

Huyo mzee musimkasirikie, amesema nusu ya kweli. Katiba ya 2010 kule nyuma kabisa kwenye Jedwali la Nne, ambako watu wengi hawafiki wakiisoma, imeandika wazi kwamba kuzoa taka na kusimamia madampo ni kazi ya serikali ya kaunti, na mitaro ya maji ya mvua kwenye mitaa iliyojengwa ni kazi yake pia. Kwa hivo kila gunia munalotoa hapo ni kazi yenye mwenyewe, na huyo mwenyewe apangiwa pesa kila mwaka. Nusu ya pili ambayo mzee hakuisema ni kwamba musingetoa nyinyi, mvua ya masika ingeingia kwa watu vitandani na mwenye kazi bado angekua hajatokea. Sasa mie sikwambii muache. Nakwambia mubadilishe munavyoitumia hiyo Jumamosi.

Nikupe yangu. 1997 ile mvua ya El Nino ilipotushukia nlikua msichana pale Tudor, tukajikusanya vijana wa mtaa wavulana kwa wasichana tukazibua mtaro wiki baada ya wiki, wengine kwa koleo wengine kwa sufuria kuukuu. Mwishowe tukaamua twende ofisini tukaseme. Yule mkubwa tuliyemkuta hakutufukuza, alituuliza tu, mtaro upi, una urefu gani, umeziba mara ngapi tangu mvua ianze, mumetoa nini ndani yake? Tukaangaliana. Malengelenge ya mikono tulikua nayo, karatasi hatuna hata moja. Tukarudi nyumbani mikono mitupu na lile swali halijanitoka mpaka leo.

Basi kesho kutwa nunua daftari la shilingi chache, moja tu. Kila Jumamosi mmoja wenu asishike koleo kabisa, kazi yake iwe kuandika: tarehe, watu wangapi, magunia mangapi, na ndani mulikua na nini zaidi. Apige picha kutoka pale pale aliposimama wiki iliyopita, kabla na baada, ndo mtu akizipanga picha kumi aone mtaro mmoja ukiziba na kuzibuka na kuziba tena. Hawa wanane waliowaacha, wengi hawakuchoka na mtaa wao, wamechoka mgongo, na huenda kati yao kuna mwenye mwandiko mzuri ama mwenye simu nzuri. Warudisheni kwa kazi hiyo. Na kama kila wiki ni nyingi fanyeni wiki mbili mara moja, bora muwe 15 baada ya wiki mbili kuliko kubaki wanne kila wiki.

Alafu mutenge siku moja muufuate huo mtaro kichwa mpaka mkia. Mara nyingi mitaani kwetu ukiufuata mtaro waukuta umegonga ukuta wa ploti ya mtu, ama umeingia chini ya vibanda ukapotea, na hapo hata muzibue miaka kumi maji hayana pa kwenda. Mukiwa njiani hesabuni milango. Jumapili jioni, bila gambuti bila glavu, mumeoga mumependeza, pitieni hizo nyumba moja moja muwaulize akina mama kwa upole taka zao zaenda wapi. Msianze na mbona watupa, anzeni na zaenda wapi. Utashangaa wangapi watakwambia mzoa taka hafiki kwa kichochoro chao, ama yuwafika lakini ataka pesa ambayo wiki zingine haipo, na pampas ya usiku haiwezi kungoja. Huyo si adui yenu, huyo ni shahidi wenu wa kwanza, muandikeni kwa daftari. Chupa za plastiki zina wanunuzi wa kilo kwa hivo hizo zaweza kuanza kutoka mtaroni hata kesho, na maganda kuna wafuga mbuzi na kuku. Kutenganisha taka zinazooza na zisizooza sasa ni sheria ya nchi, ipo tangu 2022, sio hiari ya mtu msafi.

Mukishakua na miezi miwili ya daftari, andikeni barua ya ukurasa mmoja. Msiandike kwamba mtaa ni mchafu, kila mtaa utasema hivo. Andikeni kitu kimoja kinachoweza kufanywa na mtu mmoja mwenye ofisi, mfano mtaro kutoka mahali fulani mpaka mahali fulani, mita kadhaa, unahitaji mifuniko na lori ipite siku mbili kwa wiki, na sisi tumetoa magunia kadhaa, haya hapa. Mupeleke kwa wadi admin, nakala kwa MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na musitoke hapo bila nakala yenu kupigwa mhuri wa kupokelewa. Huo mhuri ndo utakaoongea mukirudi. Mukitaka kujua mtaro wenu ulipangiwa pesa ama la, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, munaandika ombi na ofisi ya umma yapaswa iwajibu ndani ya siku 21.

Na muangalie kalenda, hapa ndo vijana wengi wakosea. Mwaka wa pesa waanza Julai 1. Karatasi ya mipango ya matumizi yafaa ifike kwa bunge la kaunti kabla ya Februari 28 na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mikutano ya maoni ya wananchi yafanyika kipindi hicho, mara nyingi tangazo lake ni karatasi imebandikwa kwa ofisi ya wadi ama mtu ametuma kwa simu jioni ya kuamkia. Mukija na daftari lenu mwezi wa sita mutaambiwa bajeti ishafungwa na atakayewaambia hatakua amedanganya. Chagueni mmoja wenu kazi yake iwe kupita pale ofisi ya wadi kila Ijumaa kusoma mabango, basi.

La mwisho kwenu, na hili musilipuuze. Mitaro yetu ina sindano za wale ndugu zetu waliozama kwenye unga, yaani dawa za kulevya. Hakuna mkono mtupu humo, hata kama ni dakika mbili, hata kama ni chupa moja tu. Glavu nzito, gambuti, koleo la mpini mrefu, na kila mmoja wenu aulize zahanati kama chanjo yake ya pepopunda bado yafanya kazi. Mtu akichomwa sindano aoshe kwa maji tele na sabuni na aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho, manake dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72 na ikiwa mapema zaidi ndo vizuri zaidi.

SWALI: Shangazi, mie ni mama wa Changamwe. Kijana wangu ana miaka 24, amemaliza chuo, na kila siku yuwatoka asubuhi kwenda kujitolea. Leo mafunzo, kesho kampeni ya usafi, kesho kutwa kugawa chakula. Nauli anaomba kwangu na mie nauza viazi karai. Nikisema, aniambia mama hii ndo konekshen. Ni miaka miwili sasa. Nimkataze? – Mama Viazi

JIBU: Dada yangu, usimkataze, lakini wala usinyamaze. Una haki ya kuuliza, pesa ya viazi ni jasho lako.

Mie natenganisha mambo mawili ambayo siku hizi yamechanganywa. Kuna kijana kusafisha mtaa wake, kumfundisha hesabu mtoto wa jirani, kuzika maiti ya mtu asiye na jamaa. Hiyo haina malipo na tusiitafutie malipo, ndo ujirani. Alafu kuna shirika lina ofisi, lina gari, lina mhasibu, limeandika ombi la pesa mahali na kupata, kisha kazi ya mtaani yafanywa na vijana kumi wasiopewa hata maji ya kunywa. Hapo sasa kijana wako ana kila sababu ya kufungua mdomo. Nauli na chakula cha mchana si mshahara, ni kumrudishia alichotumia kwa kazi yao. Amuulize msimamizi kwa adabu mbele ya wenzake, hii projekti ina pesa ya nauli ya wanaojitolea? Akijibiwa haina, ajue. Akijibiwa subiri mara ya tatu, ajue pia.

Pili amwombe kila anayemtumia barua, yenye jina lake, kazi aliyofanya, na kuanzia lini mpaka lini. Setifiketi ya rangi ya dhahabu ya kuhudhuria semina haimsaidii mwajiri kujua chochote, barua isemayo kijana huyu aliandikisha familia kadhaa kwa muda fulani na hesabu zake hazikukosea yamwambia kitu. Na ajipangie mwisho, kwa mfano miezi sita na shirika moja, siku mbili kwa wiki, siku zingine atafute kibarua hata cha mkono. Ukae naye jioni ukishapunguza wateja, umuulize swali hili moja, miaka miwili hii umejifunza kufanya kitu gani ambacho ulikua huwezi? Akikujibu haraka, kwamba ameweza kuweka hesabu ama kuendesha miting ama kuandika ripoti, mtoto yuko njiani mvumilie kidogo. Akikaa kimya, wewe usiseme kitu, mwache akae na hicho kimya.

SWALI: Shangazi, sisi ni klabu ya mazingira ya shule moja upande wa Jomvu. Mwaka jana tulipanda miche ya mikoko kriki ya Tudor, wageni wakaja, hotuba, tisheti, picha. Juzi tumerudi kuangalia karibu yote imekufa. Mwalimu asema tupande tena. Mie moyo umevunjika. Tulikosea wapi? – Binti wa Jomvu

JIBU: Mwanangu, hata mie ningelia. Lakini wewe ulirudi kuangalia, na wengi wanaopanda hawarudi kabisa, kwa hivo hesabu yako ya miche iliyokufa ni mali kuliko picha za siku ile.

Mikoko haipandwi popote penye tope. Kila aina ina daraja lake kulingana na maji yanavyojaa na kupwa. Mlilana ndo hutangulia mbele kabisa baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, nyuma zaidi mkandaa, na mchu ni mvumilivu wa chumvi waweza kuukuta mbele na waweza kuukuta huku juu karibu na nchi kavu. Sasa mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia ndefu kama fimbo, ikidondoka waichomeka tu kwa tope imesimama. Kwa sababu ni rahisi hivo kila mgeni apewa hiyo achomeke, na mara nyingi hupelekwa kwenye lile tope jeupe la wazi lililo chini sana, kwa kua ndo penye nafasi na ndo picha inatoka vizuri. Lakini jiulize, kama pale panafaa mbona mti haujaota wenyewe miaka yote hii? Mche ukikaa chini ya maji masaa mengi kupita kiasi wakosa pumzi. Vile vidude vigumu vya bahari vinavyoganda kwa mawe vyaganda kwa kishina chake mpaka kinalala. Na kriki ya Tudor yetu ina mzigo wake zaidi, maji ya vyoo yaingia, plastiki zinakuja na maji zinafunika mche kama blanketi, na watu hukata miti mikubwa kwa kuni na boriti.

Kwa hivo kabla ya kuchomeka mche mwingine, mwambieni mwalimu muende mara mbili bila mche wowote. Mara moja siku ya bamvua, mwezi mpya ama mwezi mpevu, muone maji yafika mpaka wapi yakijaa. Mara ya pili wakati wa maji mafu, muone wapi hayafiki kabisa. Wekeni vijiti. Kisha tafuteni wapi kuna miche iliyoota yenyewe, hata mitano, hapo bahari imeshawajibu panapofaa. Mahali kama hapo mara nyingi hamuhitaji kupanda, muhitaji kuondoa plastiki kila baada ya bamvua na kuongea na wenye mbuzi ili miche isiliwe. Mti ukiachiwa nafasi wajua kazi yake.

Wataalamu wa mikoko tunao hapa hapa mjini, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, pale Mkomani, ni watu wanaofundisha vizuri ukiwaandikia barua kupitia shule. Na mujue mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali, ilitangazwa hivo tangu 1932, kwa hivo kupanda ama kukata ni lazima kupitia huduma ya misitu, KFS. Sheria ya misitu ya 2016 yaruhusu jamii kuunda chama cha kusimamia msitu pamoja nao na hapo ndo vijana wakimaliza shule waweza kuingia.

Mukipata nafasi ya safari muende Gazi, Kwale, si mbali, ni kama kilomita 50 hivi kusini baada ya feri. Wale wanakijiji kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja watunza hekta 117 za mikoko na tangu 2014 hulipwa kwa ile hewa chafu ya kaboni inayonaswa na miti, pesa zaenda kwa maji ya kijiji na shule. 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ukifika usiulize kuhusu tuzo, uliza ni nani huhesabu miti na huhesabu mara ngapi kwa mwaka.

SWALI: Niko Majengo, nina miaka 22. Nataka taa za barabarani kwa kichochoro chetu manake wasichana tukitoka darasa la jioni twanyang'anywa simu na mengine siwezi kuandika. Nilipoinuka kwenye baraza wazee wakasema mwanamke hazungumzi mbele ya watu wazima, akae. Nikakaa. – Nimekaa Lakini

JIBU: Binti yangu, hilo jina ulilojipa limenikaa moyoni siku tatu.

Heshima kwa wazee ni yetu na siwezi kukwambia uivunje. Lakini heshima haijawahi kua kunyamaza mtu akiumizwa, na katika mila zetu hizi hizi akina bibi walikua na sauti nyumbani na msikitini na kwa mambo ya mtaa, si kweli kwamba jambo hili limeanza jana. Katiba nayo, Ibara ya 55, yaitaka serikali ihakikishe vijana wapata nafasi ya kushiriki, na wewe wa miaka 22 ni kijana kisheria.

Sasa njia. Baraza si mahali pa kuanzia, baraza ni mahali pa kumalizia. Wiki mbili kabla, nenda nyumbani kwa mzee mmoja unayemjua ana binti, nenda na mamako ama shangazi yako, baada ya alasiri, mueleze akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kisha kwa imamu. Kisha kwa mama mmoja wa chama anayeogopwa kidogo. Mukifika barazani watu watatu washalijua jambo na mmoja wao atasema, huyu binti ana neno, tumsikize. Na usiende na hasira peke yake, nenda na karatasi: wasichana wangapi wapita hapo jioni, saa ngapi hadi saa ngapi, nguzo ngapi, taa ngapi zimekufa, matukio mangapi tangu mwezi fulani, bila majina ya walioumizwa. Majina hayo uyafungie.

Nikukumbushe jirani yetu wa Mombasa hii hii. Phyllis Omido alikua mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kule Owino Uhuru, mtoto wake mdogo akaugua, vipimo vikaonyesha ana risasi kwenye damu, nasema ile madini ya risasi. Hakua na cheo. Alianza kwa kuwapeleka watoto wengine wa mtaa wapimwe damu, kwa hivo alipoongea alikua na karatasi za hospitali mkononi. Alikamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo 2023 na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Hesabu hiyo miaka, toka alipoanza. Taa zako hazitachukua muda huo inshallah, lakini karatasi ni ile ile.

Na mpaka zitakapowaka, msitembee mmoja mmoja. Pangeni wavulana wa maskani muwaaminio wasimame mwanzo na mwisho wa kichochoro saa ya darasa kutoka. Hiyo haihitaji baraza.

SWALI: Shangazi, tuna grupu Likoni, watu 14, twafundisha mpira watoto na twawapa uji. Mwanasiasa mmoja ataka kutupa 50,000 na tisheti zenye picha yake. Wenzangu wataka, mie sitaki. Pia pesa zetu zakaa kwa simu ya mwenyekiti na maneno yameanza. – Kocha

JIBU: Kocha, uko sawa kwenye yote mawili.

Uchaguzi ni Agosti 2027 na kila mwenye nia ashaanza kutafuta vifua vya kutundika sura yake. Mtoto akivaa ile tisheti siku moja, mzazi wa upande mwingine hatamleta tena na mutakua mumeuza nusu ya uwanja kwa elfu hamsini. Mjibuni kwa heshima, mheshimiwa twahitaji mipira kumi na sufuria kubwa ya uji, isiyo na jina, na twakuandikia risiti. Wapo watakaokubali. Asiyekubali alikua hajaja kwa ajili ya watoto.

Pesa itoeni kwa simu ya mtu mmoja wiki hii, hata kama mwenyekiti ni malaika. Mumeshazidi watu 10 ambao sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 yahitaji, kwa hivo mwende ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu na katiba yenu fupi, orodha ya wanachama na vitambulisho, na mihutasari ya kikao mulichochagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mukishapata cheti fungueni akaunti ya watu watatu kutia sahihi. Hesabu ya kila mwezi isomwe kwa sauti uwanjani, hata kama ni mia mbili ya sukari ya uji.

SWALI: Nina miaka 17 na nataka kutoa damu lakini naogopa sindano. Naweza? – Mwoga wa Bamburi

JIBU: Waweza. Hapa kwetu damu hutolewa na mtu wa miaka 16 hadi 65 mwenye kilo 50 kwenda juu na afya yake nzuri, na nesi atakupima kwanza wingi wa damu na kukuuliza maswali, umjibu kweli. Damu haikai milele, ikihifadhiwa vizuri chupa moja ni kama siku 35 kisha haifai tena, na kwa kua wanafunzi ndo watoaji wengi, shule zikifungwa akiba yapungua sana. Kwa hivo wewe usiende wakati klabu nzima inaenda, nenda likizo. Kituo chetu kiko pale karibu na hospitali kuu ya Makadara. Kula ushibe, kunywa maji mengi, mwambie nesi waziwazi kwamba waogopa sindano wala usione haya, angalia upande mwingine na ushike mkono wa rafiki. Ukimaliza kaa pale dakika kumi na tano unywe soda yako kabla ya kukimbilia matatu. Wanaume waweza kurudi baada ya miezi mitatu, wanawake minne.